Stauti kavu au stauti tamu? Kwanza tazama kilichomo kwenye sinia

Muuza kahawa wa kwetu Ngamiani hajawahi kuniuliza kama nataka sukari. Anapita jioni na dele lake lenye makaa chini, anagonganisha vikombe, anakumiminia kahawa chungu isiyozidi mafunda matatu, na kashata ziko pembeni. Sukari imo kwenye kashata. Kahawa nayo ingetiwa sukari, kashata isingekuwa na kazi. Kashata zikikosekana, kahawa inabaki ukali mtupu. Sisi wa Tanga tunakua na hesabu hiyo tangu tunapotumwa dukani: chungu mkono huu, tamu mkono ule.

Nimeanzia barazani kwa sababu ndiko liliko jibu la swali ninaloulizwa mara nyingi na marafiki wanaokunywa bia, hasa wale wanaoletewa chupa na ndugu walio nje. Stauti nzito, yaani bia nyeusi za kimea kilichokaangwa, ziko za namna mbili siku hizi. Kuna ile ya jadi, nyeusi, kavu, yenye uchungu wa kimea kilichoungua. Na kuna ile iliyopikwa makusudi ionje kama keki, yenye vanila, kakao, nazi na kadhalika. Ipi ifunguliwe baada ya chakula?

Mimi nasema tazama kwanza kilichomo kwenye sinia. Stauti kavu ni kahawa ya dele, inataka halua. Stauti tamu ni halua yenyewe, na ukiiweka mbele ya halua ya pili utakinai kabla ya kumaliza nusu glasi. Nimezijaribu zote mbili kwa pamoja, chupa kwa chupa, na bado nasimama hapo hapo.

Zilivyo ndani ya chupa

Stauti zote nyeusi zina asili moja, nayo ni porta, bia ya kahawia iliyonyweka sana London katika karne ya 18. Porta iliyokuwa na nguvu zaidi ndiyo iliyoitwa stauti. Kiwanda cha Anchor kule Southwark, kilichokuwa mali ya ukoo wa Thrale kabla ya kuuzwa mwaka 1781 na kujulikana baadaye kama Barclay Perkins, kilipeleka porta yake kali Urusi wakati wa Malkia Catherine wa Pili. Mchoraji Joseph Farington aliandika kwenye shajara yake mwaka 1796 kwamba alikunywa porta ya kiwanda hicho iliyopikwa maalumu kwa ajili ya malkia huyo. Ndiyo maana mpaka leo chupa za aina hii zimeandikwa Imperial, yaani ya kifalme. Ukiliona neno hilo, tarajia kilevi cha asilimia 8 hadi 12, wakati mwingine zaidi.

Weusi wake hautokani na rangi ya kutiwa. Shayiri hukaangwa mpaka inakuwa kama buni zilizokaa sana kwenye kikaango, na hapo ndipo harufu ya kahawa na ya kakao inapozaliwa. Kuna stauti ya Brooklyn kule New York, Black Chocolate Stout, yenye asilimia 10. Ina chokoleti katika jina, lakini haikutiwa chokoleti hata chembe. Ladha yote imetoka kwenye kimea.

Hiyo ndiyo kavu. Siiti kavu kwa maana kwamba haina utamu kabisa, kwani bia yenye nguvu hivyo haikosi sukari ya kimea iliyobaki. Naiita kavu kwa sababu uchungu wa hopsi, yale maua machungu yanayotiwa kwenye bia, na wa kimea kilichoungua unaufunga ule utamu, na ukishameza ulimi unabaki mkavu, unataka kitu.

Ile tamu inapikwa vingine. Mpishi huongeza kimea kingi mno ili sukari iishinde hamira na sehemu yake ibaki ndani ya bia. Wengi hutia pia laktosi, sukari ya maziwa, ambayo hamira ya bia haiwezi kuila. Laktosi peke yake si tamu sana ukiilinganisha na sukari ya dukani. Kazi yake kubwa ni kuifanya bia iwe nzito na laini mdomoni, kama uji uliotiwa tui. (Kama maziwa yanakuchafua tumbo, soma lebo vizuri, maana laktosi imo katika nyingi za aina hii.) Baada ya hapo huja vionjo: vanila, kakao, nazi iliyokaangwa, mdalasini, kahawa, hata karanga.

Nyingine hulazwa kwenye mapipa ya mwaloni yaliyokuwa na wiski ya bourbon. Sheria ya Marekani inataka bourbon ikae kwenye mbao mpya zilizochomwa kwa ndani, kwa hiyo pipa likishatumika mara moja wenye wiski hawalirudii, na wapishi wa bia wanayapata kwa wingi. Goose Island ya Chicago ndiyo iliyoufanya mtindo huu ujulikane, kuanzia miaka ya 1990. Pipa huongeza vanila ya mbao na joto la kilevi. Stauti iliyotoka kwenye pipa yaweza kuwa kavu au tamu, hivyo isikutishe wala isikuvutie kwa neno hilo peke yake.

Meza yetu

Binamu yangu ni baharia. Alirudi na chupa ndogo za namna mbili. Ya kwanza ilikuwa Old Rasputin ya North Coast, kiwanda cha Fort Bragg, California, asilimia 9: stauti ya kifalme ya jadi, kavu. Ya pili ilitoka kiwanda kidogo cha Denmark, asilimia 12, lebo yake ikitaja vanila, kakao, nazi na laktosi. Mimi nikaongeza mbili za hapa hapa mjini, Guinness na Castle Milk Stout, ili asiye na ndugu baharini naye apate lake.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa pili, joto la Tanga limekaza, hata miembe haitikisiki. Tulikuwa wanywaji wanne. Shangazi yetu, ambaye pombe haigusi, ndiye aliyepika kashata, za nazi na za karanga. Akakaa nasi barazani na kahawa yake. Nilinunua na halua, ya zafarani na lozi, pamoja na visheti na korosho za chumvi.

Tulipomimina, kwa macho tofauti ni ndogo. Zote mbili nyeusi kabisa, hata ukizielekeza kwenye taa. Ila ile kavu ilitoa povu la rangi ya kahawa ya maziwa, likakaa. Ile tamu ilitoa povu jembamba likapotea mara moja, na hilo si kosa la chupa: kilevi kingi hulidhoofisha povu, na mafuta ya nazi na ya kakao huliua. Hata sisi wenyewe tuliliua la kwanza. Aliyekula halua, midomo ina samli, akigusa glasi povu linafunguka kama limekatwa. Futa midomo kwanza, au usilijali.

Harufu ndiyo iliyozitenga. Ile kavu ilinuka buni za kukaanga, ukoko wa wali uliokaribia kuungua, na kwa mbali sukari guru. Ile tamu ilinuka kashata ya nazi. Sisemi kama sitiari. Shangazi, ambaye hakuionja na hakutaka kuionja, alipopitishiwa glasi anuse alisema, "Mwanangu, hii si nazi yangu hii?" na akarudisha glasi upesi. Nazi iliyokaangwa, vanila badala ya iliki, basi.

Mdomoni, kavu inaanza na utamu mfupi, kisha uchungu unapanda, kisha inakwisha. Unamaliza funda na ulimi umeoshwa. Tamu haikwishi. Inakaa, inafunika ulimi wote, vanila inabaki hata dakika nzima baadaye. Shemeji yangu, anayependa vitu vitamu kuliko sisi sote, alisema funda la kwanza ndilo bia nzuri kuliko zote alizowahi kuonja. Kufika funda la sita aliisukuma glasi mbele akaomba maji. Nayaamini yote mawili aliyosema. Stauti tamu ni nzuri sana kwa kiasi kidogo sana, na anayeimiminia glasi kubwa anaikosea.

Ya baridi au ya moto?

Kila baa ya nchi hii utaulizwa hivyo, na wanywaji wengi wa Guinness hujibu bila kusita: ya moto. Wana sababu. Baridi kali huziba harufu, na huufanya uchungu usimame peke yake kwa kuwa utamu hausikiki. Stauti nzuri ikitoka kwenye friji ya nyuzi 4 inaonja majivu. Lakini "ya moto" ya Tanga mwezi wa pili ni nyuzi 30, na kwa bia ya asilimia 9 au 12 hapo kilevi kinakupanda puani kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa hiyo zote mbili zinataka katikati, ila si katikati moja. Ile kavu iache ipate joto mpaka nyuzi 12 hadi 14, ili utamu wake ujitokeze uupunguze ukali. Ile tamu iwe baridi zaidi kidogo, nyuzi 9 hadi 11, kwa sababu kadiri inavyopata joto ndivyo utamu unavyozidi kuhisika, na huo tayari ni mwingi. Huhitaji kipimajoto. Kwa joto la pwani yetu, chupa ndogo ikikaa mezani dakika 10 hadi 15 baada ya kutoka kwenye friji, tamu iko tayari. Ikikaa 20 hadi 25, kavu iko tayari. Zitoe pamoja, fungua tamu kwanza kama unaionja peke yake, au kavu kwanza kama unafuata mpangilio wa meza.

Mimi hufuata meza. Kavu hutangulia siku zote, maana ukitanguliza tamu, ile kavu itaonja kama dawa. Tuliligundua hilo kwa kurudi nyuma: binamu alirudia funda la Rasputin baada ya ile ya Denmark, akakunja uso kama amelamba mwarobaini. Chupa ni ile ile aliyokuwa akiisifu robo saa kabla.

Kuhusu glasi, sina mengi. Glasi ya mvinyo yenye tumbo na mdomo mwembamba inafaa zote mbili, kwa kuwa inakusanya harufu juu. Usiijaze, mimina theluthi. Glasi ndefu ya bia inafaa kwa bia ya kiu, na hii si ya kiu. Osha vizuri na suuza mara mbili, sabuni iliyobaki inaua povu sawa na samli. Wala usitie barafu. Ile tamu ukiitia barafu inakuwa maji ya vanila, na gharama ya mtu aliyeibeba kuvuka bahari imekwenda bure.

Sinia

Hapa ndipo mahali pa kuamulia, na hapa ndipo tulipokaa muda mrefu zaidi.

Halua kwanza. Wanga, sukari, samli, iliki, zafarani, kungumanga: tamu nzito yenye mafuta, inayoteleza. Pamoja na stauti kavu, ni ndoa. Uchungu unaikata samli, halua inauziba ukali, na iliki inakutana na ile harufu ya buni kama inavyokutana nayo kila jioni kwenye kahawa. Unakula kipande kidogo, unakunywa funda dogo, na kila kimoja kinakurudisha kwa mwenzake. Hakuna hata mmoja wetu aliyebisha. Pamoja na stauti tamu, halua iligeuka kuwa mafuta matupu, na bia ikageuka kuwa nyembamba, kama chai iliyotiwa sukari unayoinywa baada ya kulamba asali. Utamu mkubwa zaidi siku zote huumeza ulio mdogo, na halua haishindwi na chupa yoyote. Aliyenunua chupa ya Denmark kwa bei kubwa asiifungue siku ya halua.

Visheti na kaimati vinafuata njia hiyo hiyo, kwa sababu ya ile shira ya juu: kavu, si tamu.

Kashata zilitugawa. Ile ya karanga inapatana na zote mbili. Karanga ina ule ukavu wa kukaangwa, hivyo hata na stauti tamu inasimama. Ile ya nazi nilitarajia ipatane na ile bia yenye nazi, na wengi wangetarajia hivyo: nazi kwa nazi. Haikupatana. Nazi ya kweli iliyopikwa asubuhi na mkono unaojua, ukiila na kunywa juu yake nazi ya kwenye chupa, unaona wazi ipi imesafiri na imechoka. Na stauti kavu, kashata ile ile ya nazi ilinuka mara mbili zaidi. Nasema kwa moyo mmoja: usiweke kionjo kimoja kwenye glasi na kwenye sahani ukidhani kitaongezeka. Mara nyingi kimoja kitamwaibisha mwenzake.

Sasa stauti tamu inataka nini? Inataka chumvi, ukavu, au uchachu. Korosho za chumvi ndizo zilizoshinda usiku ule. Funda la vanila na kakao, kisha korosho tatu, na ghafla bia inaonja kama kitu kilichokamilika, kama ilikuwa ikisubiri hiyo chumvi tangu kiwandani. Jibini gumu lenye chumvi lingefanya kazi hiyo hiyo. Kipande cha mkate wa ufuta kisicho na sukari, kilichochomwa kidogo pembeni, kinafaa sana, kwani ufuta una uchungu wake mdogo.

Na chungwa. Machungwa ya Muheza yanapokuwa msimu, menya moja, toa nyuzi, kula pande moja baada ya funda la stauti tamu. Uchachu unausafisha ulimi na kakao inanuka upya. Usifanye hivyo na ile kavu: uchachu na uchungu wa kuungua vikikutana vinapigana, na unabaki na ladha ya ganda la chungwa lililochomwa.

Kitu kingine kilichoipendeza stauti tamu, nacho kilitokea kwa bahati, ni kahawa yenyewe. Mmoja wetu alichoka na utamu akaomba kikombe kutoka kwenye buli la shangazi. Kahawa chungu isiyo na sukari, ya moto, kando ya glasi ile. Mezani palitulia. Chungu mkono huu, tamu mkono ule, safari hii bia ikiwa upande wa kashata.

Mkate wa kumimina, ule wa unga wa mchele na tui, uko katikati kwa sababu hautiwi sukari nyingi. Unakwenda na zote mbili, wala haumsaidii yeyote sana. Tende ni kwa kavu. Ndizi mbivu za kukaanga, kwa kavu pia.

Kama hujafika kwenye vitamu na bado uko kwenye chakula, stauti tamu iache kabisa ndani ya friji. Kavu inaweza kuanza mapema zaidi. Waingereza wana desturi ya zamani ya kula chaza na stauti, na mtu wa pwani akiijaribu ataelewa mara moja, chumvi ya bahari na uchungu wa kuungua. Pweza wa kuchoma aliyelainika, mwenye chumvi na ndimu kidogo tu, anafaa. Mwenye pilipili nyingi hafai. Pilipili na kilevi cha asilimia 9 vinaunguza pamoja, na hopsi inachochea.

Kama una za hapa hapa tu

Si lazima mtu asubiri meli. Hesabu ya barazani inafanya kazi na chupa mbili zilizozoeleka, kwa nguvu ndogo zaidi.

Guinness tunayoinywa Afrika, ile Foreign Extra Stout, ni jamaa wa karibu wa stauti kavu. Asili yake ni porta kali iliyopikwa Dublin mwaka 1801 kwa ajili ya visiwa vya Karibi, na kilevi chake huwa asilimia 6.5 hadi 7.5 kutegemea inakopikwa. Haina uzito wa Rasputin, lakini uchungu na ule ukavu wa mwisho inao. Ipe dakika 15 nje ya friji, imimine kwenye glasi ya mvinyo, na ulete halua. Nimewapa watu waliokunywa Guinness miaka 20 kwenye chupa, wakashangaa kwamba ina harufu.

Castle Milk Stout, yenye asilimia 6, iko upande wa tamu, na laktosi ndiyo inayoiweka huko. Hata hivyo si tamu ya kukinaisha kama zile za kitindamlo. Hiyo ndiyo ningeipa mishikaki yenye pilipili, kwa sababu ulaini wake unapoza ulimi. Na korosho, bila shaka.

Kuna namna moja zaidi ya kuitumia Guinness inayokaribia stauti tamu ya ng'ambo kuliko unavyodhani: kijiko kikubwa cha aiskrimu ya vanila kwenye glasi pana, kisha mimina Guinness taratibu juu yake, kama nusu kikombe. Mimina pole pole sana, itafura. Utapata vanila, maziwa, kakao na uchungu katika kijiko kimoja. Kwa maoni yangu hiyo inaishinda nusu ya chupa tamu zinazosifiwa, kwa sababu uchungu wake bado uko hai. Watoto wakiwa karibu, iandae jikoni na uitofautishe kwa glasi, aiskrimu haionyeshi kilichomo.

Kiasi, na walioko mezani

Chupa ya mililita 330 yenye asilimia 12 ina kilevi halisi karibu mililita 40. Bia ya kawaida ya nusu lita yenye asilimia 5 ina 25. Kwa hiyo ile chupa ndogo inayoonekana kama ya soda inazidi bia kubwa moja na nusu, nayo inateleza kwa sababu ya utamu. Hapo kavu ina faida nyingine: uchungu unakuzuia. Tamu haikuzuii na chochote. Igawe chupa moja kwa watu watatu, kila mmoja mafunda yake kumi, na mwenye kuendesha, awe na gari au bodaboda, apewe kahawa.

Nalisema hili kwa uzito: katika mji wetu karibu kila meza ina mtu asiyekunywa, kwa dini au kwa hiari yake. Usimfichie. Keki iliyotiwa stauti, aiskrimu iliyomiminiwa, mchuzi uliopikwa na bia, vyote vitajwe kabla ya sahani kufika. Na mtu huyo asipewe soda kama adhabu. Usiku ule kahawa ya shangazi ilikuwa imepikwa na iliki na kipande cha tangawizi, nayo kwenye halua haikuwa nyuma ya Rasputin. Mimi mwenyewe nisingeweza kuapa ipi ilikuwa bora.

Ukitaka kuziweka

Kavu inaweza kungoja. Ikisimamishwa wima, gizani, mahali penye ubaridi usiobadilika, yenye asilimia 9 kwenda juu hupoteza makali yake ndani ya miaka kadhaa na kuanza kunuka zabibu kavu na tende. Shida ni hiyo "mahali penye ubaridi." Kabatini kwa nyuzi 30 haikui, inaoza taratibu na kuonja kadibodi iliyolowa. Kama huna friji yenye nafasi, inywe mwezi huu.

Tamu usiiweke kabisa. Nazi na kahawa ndizo za kwanza kutoweka, vanila inafuata, na kinachobaki ni sukari bila harufu. Zile zilizotiwa matunda ni hatari zaidi kwenye joto, maana kama kuna hamira iliyobaki hai inaweza kuanza kuila ile sukari na kuijaza chupa gesi. Ikifika tu, ndani ya friji.

Binamu ameondoka tena, ila ameniachia Rasputin ya pili. Imesimama nyuma kabisa ya friji, nyuma ya chupa ya mtindi, nimeifunga karatasi isipigwe na taa. Naingojea Julai, kusi likivuma na jioni za Raskazone zikiwa na kijibaridi cha kumfanya mtu avute kanga begani. Halua nimeshaagiza ya ufuta.